Uzi maalumu: Kurudi kwenye toleo la zamani la programu ya kuhariri video (Premiere, Vegas, Resolve, Movie Maker na wenzake)

Mkata Picha (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Haipiti wiki bila mtu kuniandikia pembeni: "Mkuu nisaidie linki ya Premiere ya zamani, hii mpya inaikaba mashine." Nikimuuliza ya mwaka gani, Windows yake ipi, na hizo video zimepigwa na kifaa gani, anapotea. Nimeamua kuyaweka yote hapa. Atakayekuja tena nitamtupia uzi huu.

Msimamo wangu nautanguliza ili msisome mpaka chini ndipo mnitukane. Toleo la zamani linachukuliwa kwa mwenye programu au kwenye ghala lake rasmi. Likikosekana huko, badilisha programu, usihangaike kubadilisha tovuti. Linki za kraki (programu za kulipia zilizovunjwa leseni) kwangu hamtazipata.

Mashine kwanza

Imani iliyozagaa ni kwamba programu ikiwa ya zamani basi ni nyepesi. Mara nyingi kinachoiua mashine ni video yenyewe. Chukua klipu ya simu ya 4K iliyorekodiwa kwa HEVC (njia mpya ya kubana video), ipeleke Premiere CS6 ya mwaka 2012 (CS ni matoleo ya zamani ya Adobe, wenye Premiere; CC ndiyo yaliyofuata): haifunguki kabisa, maana CS6 ilitoka kabla HEVC haijapitishwa rasmi mwaka 2013. Ipeleke Premiere CC 2017, inafunguka, na humo kuna proksi. Programu inakutengenezea nakala ndogo za klipu, unakata kwa hizo, na ukifika kurenda (kutoa video ya mwisho) inarudi yenyewe kwenye faili halisi. Adobe waliileta proksi kwenye toleo la 2015.3, Juni 2016. Shotcut, programu ya bure ya kuhariri, wakaiweka toleo la 20.06, mwaka 2020.

Kwa hiyo mwenye i5 na RAM ya GB 8, toleo la katikati lenye proksi litamfaa kuliko la kale lisilokuwa nayo. Na kabla hata hujashusha hilo la katikati, jaribu proksi kwenye toleo ulilonalo sasa. Wengi wanaoniandikia shida yao inaishia hapo, tena bila kugusa bando.

Wanaolazimika kurudi nyuma wapo. Kuna waliobaki Windows 7: Premiere CC 2018 bado iliikubali, CC 2019 ikaja na sharti la Windows 10, tena kuanzia 1703. Kuna wenye prosesa za Intel kizazi cha pili na cha tatu, zile i5 na i7 zilizojaa kwenye laptopu za mtumba. Hizo hazina AVX2 (seti ya maagizo ya prosesa), ambayo ilianza na kizazi cha nne mwaka 2013, na Premiere za miaka hii ya karibuni zinaidai. Hapo hata uongeze RAM mpaka ijae, haitawaka. Kisha kuna wenye miradi ya zamani iliyotegemea plagini (vijiprogramu vya nyongeza) ambazo matoleo mapya yamezitupa.

Halafu angalia Windows yako ni ya biti 32 au 64. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause, utaona. CS4 ndiyo ya mwisho kukubali 32. Kuanzia CS5 ya mwaka 2010 ni 64 peke yake. Nimeona watu wanahangaika kutafuta CS4 kwenye mashine ambayo prosesa yake ni ya 64, ila aliyewauzia aliwapigia Windows ya 32. Piga Windows upya, uzi uishe.

Maghala

Blackmagic kwenye hili nawavulia kofia. Nenda kwenye ukurasa wao wa "Support", chagua DaVinci Resolve, shuka chini: matoleo ya miaka na miaka yamepangwa, ya bure na ya Studio (ya kulipia). Unajaza fomu fupi, unashusha. Ukumbuke Windows haikuruhusu kuweka Resolve mbili kwa pamoja, lazima uondoe moja. Na faili la matoleo ya karibuni linazidi GB 2, kwa hiyo ukishashusha litunze kwenye diski ya nje.

Adobe ni habari nyingine. Aliyelipia Creative Cloud anapata matoleo makuu mawili ya mwisho tu. Fungua programu ya Creative Cloud, kwenye Premiere bonyeza vile vidoti vitatu, "Other Versions". Huo utaratibu ulianza Mei 2019, na waliokuwa wanatumia matoleo ya nyuma walitumiwa barua pepe kwamba hawana tena leseni ya kuyatumia. Walilalamika sana, mimi nikiwa upande wa walalamikaji, lakini ndiyo hali halisi. CS6, iliyokuwa ya mwisho kununuliwa moja kwa moja, iliacha kuuzwa mwaka 2017. Kama hukuwahi kuinunua, njia halali ya kuipata leo siioni.

Vegas: Vegas Pro 13 ya mwaka 2014 ndiyo ya mwisho chini ya Sony. Mwaka 2016 ikahamia kwa MAGIX, wakaanza na 14. Mwenye 13 aliyoinunua anaokolewa na faili la kusakinishia alilolitunza na namba yake ya leseni. Uzuri wake ni kwamba Vegas mbili za namba tofauti zinakaa mashine moja bila ugomvi.

Za bure na huria ndizo zisizo na presha. Shotcut, OpenShot na HandBrake (ya kubadili miundo ya video) ziko GitHub, tovuti ya kuhifadhia programu huria, sehemu ya "Releases", toleo kwa toleo na tarehe zake. Kdenlive za zamani wamezihifadhi kwenye seva ya KDE, folda inaitwa Attic. Hakuna akaunti wala leseni.

Movie Maker ilikuja ndani ya Windows ME mwaka 2000, na ile ya mwisho ni ya kifurushi cha Windows Essentials 2012. Microsoft waliiondoa tarehe 10 Januari 2017. Nakala za kifurushi chenyewe zimehifadhiwa Internet Archive, faili linaitwa wlsetup-all.exe. Ukishalishusha, bofya kulia, "Properties", kisha "Digital Signatures". Lazima isomeke Microsoft Corporation na saini iwe sahihi. Kama huo ukurasa haupo kabisa, futa faili. Wakati wa kusakinisha chagua mwenyewe cha kuweka, chukua Photo Gallery na Movie Maker, mengine yaache. Ikidai .NET Framework 3.5, iwashe kwenye "Turn Windows features on or off".

Hapa ndipo watu wanapopigwa

Movie Maker ilipoondolewa, watu waliendelea kuitafuta Google. Novemba 2017 kampuni ya usalama ESET ikaeleza kwamba kuna tovuti imepanda juu kwenye matokeo ya Google, inagawa Movie Maker bandia. Unaishusha, inafunguka, unahariri vizuri tu. Ukifika kuhifadhi kazi inakudai dola 29.95. Programu ambayo Microsoft waliigawa bure! Walichokuwa wanakiuza pale ni usumbufu wako, kwa sababu umeshakaa jioni nzima unapanga picha na uko tayari kulipa yaishe.

Msije mkadhani ghala rasmi ni kinga kamili. Mei 2017 moja ya seva mbili za kushushia HandBrake iliingiliwa, na kati ya tarehe 2 na 6 toleo la Mac likabadilishwa na lenye kirusi kinachoitwa Proton. Aliyeshusha siku hizo alikuwa na nusu kwa nusu ya kuambukizwa. Waliolinganisha alama ya faili na ile iliyotangazwa na watengenezaji walikuwa na uwezo wa kuligundua. Kwenye Windows huhitaji programu ya ziada, fungua cmd kwenye folda yenye faili, andika:

certutil -hashfile jina_la_faili.exe SHA256

Itakupa mstari mrefu wa herufi na namba. Ulinganishe na ulioandikwa kwenye ukurasa wa programu. Herufi moja ikitofautiana, usilifungue.

Miradi yako

Huu ndio mtego mkubwa kuliko yote na ndio watu hawauulizi. Mradi uliohifadhiwa kwenye toleo jipya haufunguki kwenye la zamani. Ni hivyo Premiere, Vegas na Resolve. Resolve ndiyo kali zaidi, kwa sababu mara nyingine unaboresha hifadhidata nzima: ukifungua miradi yako ya toleo la zamani ndani ya jipya na ukakubali iboreshwe, la zamani halitaisoma tena. Inakuuliza kwanza kama unataka nakala rudufu. Kubali, na uiweke nje ya hiyo mashine.

Sheria yangu kazini: mradi wa mteja unamalizikia kwenye toleo ulioanzia. Kuhama toleo ni baada ya kukabidhi.

Karibuni kwa maswali.

---

Kijiti255

Mkuu umeeleza vizuri ila umezunguka sana. Sisi wa hali ya chini tunataka CS6 iliyopikwa tayari, unazima antivirus, unainstoli, unapiga kazi. Adobe hawaji Mbagala kunikamata 😂

---

Mkata Picha

Hawaji kweli. Mimi Adobe hawanipi wasiwasi, ninachokiogopa ni hayo maneno yako "unazima antivirus". Unamfukuza mlinzi, halafu unampa mtu usiyemjua ruhusa ya msimamizi kwenye mashine yenye WhatsApp yako, barua pepe yako na kazi za wateja.

Kuna kirusi cha kudai fidia kinaitwa STOP, wengine wanakiita Djvu. Kimesambaa tangu 2018 na njia yake kuu ni hizi hizi kraki na vitengeneza-leseni. Kinafunga picha, video, nyaraka, kila faili linaongezewa mkia mwishoni, kisha kinakuachia ujumbe wa kudai hela. Emsisoft, kampuni ya usalama, walitoa kifungulio cha bure Oktoba 2019, lakini kinasaidia aina za zamani na baadhi tu ya mpya. Ukipatwa na aina ambayo ufunguo wake uko kwenye seva ya wezi, video hazirudi. Sasa hebu mwambie bibi harusi kwamba hotuba ya marehemu baba yake imefungwa.

---

Kijiti255

Hapo umenigusa pabaya. Haya, nina i5 ya kizazi cha pili, RAM 4, Windows 7, klipu zote za simu. Bila hela nitumie nini?

---

Mkata Picha

Shotcut, lakini usichukue ya leo. Ingia GitHub uchukue ya 2020 au 2021. Hizo zimejengwa juu ya Qt 5 (maktaba ya kujengea programu) ambayo bado inaikubali Windows 7, wakati Qt 6 haiitaki kabisa. Chukua ile ya zip inayobebeka: unaifungua kwenye folda, unabofya, imekwisha. Hata ukitaka matoleo mawili unayaweka folda mbili.

Ukishaifungua nenda "Settings", washa "Use Proxy", na "Preview Scaling" weka 360p. Picha kwenye kioo itakuwa na ukungu kidogo, usiogope, kazi ya mwisho inatoka kwa ubora wake wote.

Kama unachofanya ni kukata mwanzo na mwisho tu basi hata Shotcut ni nyingi. LosslessCut inakata bila kurenda upya, klipu ya saa nzima inatoka haraka kwa sababu inanakili tu.

Na hiyo Windows 7 ilikoma kupewa viraka vya usalama Januari 2020. Iache iwe ya kuhariri, mambo ya benki fanyia kwingine.

---

BintiPwani

Hamjambo jamani. Mimi nina Vegas 13 yangu halali kabisa, nilinunua na karatasi ninayo. Nimebadilisha diski nikaweka SSD na Windows mpya, sasa kila nikiifungua inasema "MSVCP110.dll is missing". Nimekuta tovuti inayogawa hiyo dll peke yake, niiweke System32?

---

Nati na Bolti

Hatujambo dada. USIIWEKE. Tovuti za kugawa dll moja moja ndiyo mlango mwingine wa yale aliyoyasema Mkata Picha.

Hiyo dll ni sehemu ya kifurushi cha Microsoft kinaitwa Visual C++ Redistributable, kila mwaka una namba yake. MSVCP100 ni cha 2010, MSVCP110 ni cha 2012, MSVCP120 ni cha 2013, na MSVCP140 ni cha kuanzia 2015 na kuendelea. Wewe chukua cha 2012 kutoka Microsoft wenyewe. Weka x64 na x86 vyote viwili, kwa sababu programu yenyewe inaweza kuwa ya 64 halafu kisakinishi au plagini yake ikawa ya 32.

Wengine mkikuta inalalamikia d3dx9 yoyote, hiyo ni DirectX. Kuna kifurushi cha Juni 2010 cha Microsoft kinaziweka zote, na hakiharibu DirectX mpya uliyonayo. Halafu angalieni Windows yenu isiwe ile yenye herufi N mwishoni. Hizo N zinakuja bila Media Feature Pack, na programu za video zinakataa kwa ujumbe usioeleweka. Inaongezwa kwenye "Optional features".

---

BintiPwani

Imefunguka! Asante kaka, Mungu akuzidishie. Ila sasa faili za .mov za kamera yangu ya Canon inazikataa, nyekundu tupu. Kwenye diski ya zamani zilikuwa zinaingia.

---

Nati na Bolti

Diski ya zamani ilikuwa na QuickTime, mpya haina. Programu nyingi za kipindi hicho, Vegas na Premiere CS6 zikiwemo, zilikuwa zinaegemea QuickTime ya Apple kusoma .mov.

Apple waliiacha QuickTime ya Windows mwaka 2016, na wakati huo huo kukatangazwa matundu mawili ya usalama ambayo hawakuyaziba. Idara ya usalama wa mitandao ya Marekani ikashauri watu waiondoe. Mimi nisingeirudisha kwenye mashine inayoingia mtandaoni.

Fanya hivi badala yake. Chukua ffmpeg (programu ya bure ya kubadili video kwa amri), kwenye folda ya klipu andika:

ffmpeg -i harusi.mov -c:v copy -c:a aac -b:a 256k harusi.mp4

Picha inabaki ile ile, haipikwi upya. Kinachobadilika ni chombo na sauti. Sekunde chache kwa klipu, Vegas itaisoma.

---

Mkata Picha

Nati umenena. Niongezee la klipu za simu, maana swali linakuja: "sauti inaachana na midomo". Simu nyingi zinarekodi kwa kasi ya fremu inayobadilika kila mara, na matoleo ya zamani hayaijui hiyo. Premiere ilianza kuishughulikia kwenye CC 2018. Chini ya hapo, pitisha klipu HandBrake kwanza: kwenye "Video" chagua "Constant Framerate", weka 25 au 30 kulingana na mradi wako. Hapo hapo unaigeuza H.264 (muundo wa zamani kuliko HEVC) kama ilikuwa HEVC. Wenye iPhone wanaweza kukata mzizi kabisa kwenye mipangilio ya kamera, "Formats", "Most Compatible".

---

Mzee wa Kurenda

Nimechelewa ila nina la kuchangia kuhusu miradi kutofunguka kurudi nyuma. Kwa Premiere kuna njia ya uani.

Faili la mradi wake, .prproj, ni XML (maandishi yenye muundo) iliyobanwa kwa gzip, basi. Fanya nakala ya mradi (nakala, narudia). Bofya kulia, 7-Zip, toa kilichomo. Utapata faili la maandishi. Lifungue kwa Notepad++, mistari ya juu kabisa utaona neno Project lenye ObjectID="1", na mwisho wa mstari huo kuna Version na namba. Badilisha hiyo namba iwe 1. Hifadhi, faili lipe mkia wa .prproj, fungua kwa Premiere yako ya zamani. Itakuambia ni mradi wa toleo la nyuma na itaugeuza.

Kinachopotea: athari ambazo toleo lako halizijui, maandishi yaliyotengenezwa kwa zana mpya, wakati mwingine rangi. Mikato inabaki. Kwangu mikato ndiyo kazi, rangi nitarudia.

---

Kijiti255

Hii ni dhahabu mzee. Resolve nayo ina uchochoro?

---

Mzee wa Kurenda

Kwa Resolve huo uchochoro haupo. Kama bado unalo toleo jipya, toa taimlaini yako kama XML ya Final Cut Pro 7, uiingize kwenye toleo la zamani. Mikato na mpangilio vinakuja, kazi ya rangi na ya Fusion (sehemu ya athari ndani ya Resolve) haiji. Renda pia nakala moja ya marejeo uiweke juu ya taimlaini, uone palipohama.

---

Tai wa GPU

Wenye CS5 na CS6 halali na kadi za NVIDIA, hamjalizungumza hili. CS5 ilikuja na injini ya Mercury inayotumia CUDA (njia ya kadi za NVIDIA kusaidia hesabu), lakini Adobe waliipa orodha fupi ya kadi. Kadi yako isipokuwemo, kitufe cha GPU kinakuwa kimezimwa hata kama ina nguvu kuliko zilizotajwa.

Ingia C:\Program Files\Adobe\Adobe Premiere Pro CS6. Kuna faili dogo, cuda_supported_cards.txt. Pale pale kuna GPUSniffer.exe, iendeshe kwenye cmd ikupe jina la kadi kama Premiere inavyolisoma. Liongeze kwenye orodha herufi kwa herufi, hifadhi kama msimamizi. Kadi iwe na GB 1 au zaidi. Tofauti utaiona kwenye athari za rangi na kubadili ukubwa; kukata tu kawaida hutaona kitu. CC za baadaye ziliachana na orodha hiyo.

Kadi za kizazi cha Fermi, yaani GT na GTX za 400 na 500, draiva yake ya mwisho ni 391.35 ya mwaka 2018. Msihangaike na mpya zaidi.

---

Kanda za Kale

Wakuu mimi kazi yangu ni kuhamisha kanda za MiniDV za harusi na maulidi za miaka ile, Unguja na Pemba watu wanazo makabatini tele. Kwa hili mashine ya zamani ndiyo mali. Laptopu nyingi za kiofisi za 2008 hadi 2011 zina tundu la FireWire (1394), la kuunganishia kamera za kanda. Zile waya za bei chee za USB kwenda FireWire msinunue, hazipitishi kitu, umbo tu la plagi.

Kwenye Windows 10, ikiwa kamera inaonekana halafu inakatika katika, sakinisha draiva ya zamani ya 1394, Microsoft waliitoa wenyewe, inaitwa "1394 OHCI Legacy". Kisha kwenye Device Manager uichague kwa mkono. Kwa kurekodi natumia WinDV, ni kijiprogramu kidogo sana. Saa moja ya kanda inakula kama GB 13, andaeni nafasi. Kanda ikiwa na ukungu wa fangasi usiiweke kwenye kamera nzuri, itachafua kichwa.

---

MacMtumba

Sisi wa Mac mmetusahau?

---

Mkata Picha

Mac ni fupi. macOS Catalina ya 2019 iliua programu zote za biti 32. Final Cut Pro 7 ilikuwa imeshakufa mapema, High Sierra haiifungui. Kama unaitaka kwa sababu ya miradi ya kale, tafuta Mac inayobaki na mfumo wa wakati huo na usiiboreshe. Kwa Final Cut ya sasa, ingia App Store kwa akaunti iliyonunulia. Mac ikiwa ya zamani itakuuliza kama unataka toleo la mwisho linaloendana nayo. Kubali. Maktaba zake nazo zikishaboreshwa hazirudi.

---

BintiPwani

Swali la mwisho nisiwachoshe. Mdogo wangu ana Creative Cloud ya chuo, alirudi toleo la nyuma kwa sababu plagini yake iligoma. Asubuhi kakuta limejisasisha lenyewe na la nyuma halipo.

---

Mkata Picha

Fungua Creative Cloud, "Preferences", "Apps", zima "Auto-update". Halafu akisasisha kwa mkono siku nyingine, kabla ya kubonyeza afungue chaguo za ziada, kuna tiki ya kuondoa matoleo ya zamani. Huwa imewekwa tayari, aitoe. Premiere mbili zinakaa pamoja bila shida, kila moja na folda yake.

Kulirudisha lililofutwa, "Other Versions" kama nilivyoandika juu, ilimradi liwe kati ya yale makuu mawili. Na plagini aisakinishe upya baada ya hapo, maana nyingi zinajiandika kwenye folda ya toleo husika.